Undugu wa Mashine

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Riwaya ya TJ Klune, In the Lives of Puppets (2023), inaipima methali hii kwa familia yenye binadamu mmoja tu, kijana Victor. Baba yake, Giovanni, ni roboti mvumbuzi. Wenzao msituni ni Rambo, mashine ndogo ya kufyonza vumbi inayotamani kupendwa, na Nurse Ratched, mashine ya uuguzi yenye ulimi mkali. Hawafanani, lakini wanafaana.

Kisha Giovanni anatekwa, na ukweli unafichuka: yeye na Hap, roboti ambaye Victor alimwokota na kumtengeneza, waliwahi kuwinda binadamu. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, riwaya inapata uzito. Malezi mema hayawafufui waliouawa. Methali yetu inatuambia ndugu ni nani. Haituambii tufanye nini ndugu huyo anapokuwa na damu mikononi.

Wengine wataisoma kama hadithi tamu ya upendo. Mimi naisoma kama hadithi ya deni. Victor halifuti deni la baba yake, wala haachi kumtafuta.