Ziba Taa Ndio Uone

Usiku, barabara ya Kutus kwenda Kerugoya, boda ikikujia na taa kali huoni kitu. Unainua kiganja, unaziba ile taa, ndipo unagundua kumbe jamaa amebeba abiria wawili na gunia la mchele wa Mwea.

Filamu fupi ninayoisifu hapa, na kuilaumu kidogo, hufanya vivyo hivyo. Inahusu nyota HR 8799, iliyo umbali wa miaka ya nuru 130 hivi. Jason Wang aliiunganisha 2017 kutokana na picha zilizopigwa kwa miaka saba na darubini ya Keck, Hawaii. Mwanga wa nyota umezibwa na kufutwa. Katikati pamebaki giza, na kandokando vidoa vinne vinatembea. Hizo ni sayari, kila moja nzito kuliko Mshtarii, bado changa na zenye joto, ndiyo maana zinang'aa kwa miale ya infraredi.

Ninachokipenda ni kwamba haijapambwa. Filamu kibao za anga hutuchorea mawingu na bahari ambazo hakuna aliyeziona. Hii inaridhika na vidoa, na giza lake linakiri wazi: hapa tumeficha kitu ili uone kingine.

Nisichokipenda ni ulaini wake. Picha zilikuwa chache, kati ya moja na nyingine kompyuta ikajaza pengo. Miaka saba imekuwa sekunde chache. Sayari ya ndani huchukua takriban miaka 40 kuzunguka nyota yake, ya nje zaidi ya 400. Mimi ningetaka vidoa viruke, vikwamekwame, nihisi kile kusubiri.

Mbona jambo hili liniume? Kwa sababu sisi Wakenya tushazipa sayari majina: Buru 2019, Enaiposha 2023. Zote ziko karibu mno na nyota zake. Moja ilijulikana kwa kuiyumbisha nyota, nyingine kwa kuipunguzia mwanga ikipita mbele yake. Hata kidoa chao hakuna aliyekiona.

Hilo la jina kutangulia halinisumbui. Huku kwetu mtoto wa kwanza wa kiume jina lake linajulikana kabla hajazaliwa, ni la babu yake. Lakini sura haikisiwi. Inangojwa. Siku sayari yenye jina letu itakapoonekana, msinilainishie. Nipeni kidoa chenyewe, na giza lake.