Umati Usiompoteza Mtu

Wachoraji sita wa India walikusanya kazi zao mwaka 1981 wakazitundika Bombay, katika jumba la Jehangir, na Delhi, katika Rabindra Bhavan. Maonyesho hayo waliyaita Place for People, Mahali pa Watu, na jina hilo halikuwa pambo. Enzi zile wachoraji wengi wenye sifa nchini mwao walikuwa wamezama katika uchoraji dhahania: rangi, alama, umbo tupu. Jogen Chowdhury, Bhupen Khakhar, Nalini Malani, Sudhir Patwardhan, Gulammohammed Sheikh na Vivan Sundaram walitaka watu warudi ukutani, tena watu wa mtaani, na mhakiki Geeta Kapur akawaandikia insha ya kulitetea umbo la binadamu.

Kumchora mtu mmoja ni kazi. Kuchora umati ni kazi nyingine kabisa, kwani mchoraji asipokuwa stadi, watu humgeukia kuwa lundo la vichwa. Ufundi ninaousifu ni ule wa kuijaza turubai watu hadi pakakosekana pa kuweka kidole, na bado kila mmoja akabaki na shughuli yake, mwendo wake na siri yake.

Mtazame Khakhar, mhasibu wa mji wa Baroda aliyechora nje ya saa za hesabu. Katika You Can't Please All ya mwaka huohuo wa 1981, ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la Tate, London, anasimulia kile kisa cha baba, mwana na punda wao tulichokisikia wengi tangu utotoni: kila wanayekutana naye njiani ana lawama yake. Khakhar haigawi picha vipande vipande. Baba na mwana wanatokea hapa, wanatokea tena pale, ndani ya mandhari moja, na jicho la mtazamaji ndilo linalotembea nao. Wachoraji wa picha ndogo za kale za India walikuwa na ujuzi huohuo, yeye akautia katika mtaa wa leo. Kisha, barazani juu, amesimama mwanamume uchi aliyetupa mgongo, akiwatazama. Ni Khakhar mwenyewe, ambaye kwa picha hii alijitokeza hadharani kuwa anapenda wanaume wenzake. Kisa ambacho kila mtu anakijua kimebeba jambo ambalo mtu mmoja alikuwa hajaweza kulisema. Sijui sifa gani zaidi unayoweza kuitaka kwa picha.

Sheikh, aliyekuwa mwalimu Baroda, naye alizipenda sana picha ndogo za kale, lakini alizikuza zikawa mji mzima. Katika City for Sale aliyoianza 1981, mama muuza mboga yuko na bidhaa yake, watu wako sinema wakitazama filamu ya Silsila, na ghasia za kidini zinawaka mtaani. Yote yamo pamoja kwa sababu ndivyo mji unavyoishi: mmoja anaomboleza, jirani yake anapiga bei.

Patwardhan alikuwa daktari wa eksirei huko Thane, mchana akisoma mifupa ya wagonjwa, na wafanyakazi anaowachora wana uzito wa miili halisi. Chowdhury yeye alitegemea wino. Mistari yake hupishana, hupishana tena, hadi nyama ya tumbo au shavu ikalegea kama tunda lililoiva kupita kiasi. Malani, aliyezaliwa Karachi mwaka 1946 na kuhamishwa na mgawanyiko wa India na Pakistan, aliwaweka wanawake katikati ya masimulizi yake.

Baadaye baadhi yao waliiacha turubai, na hapo ndipo naona kina cha ufundi wenyewe. Ghasia za kidini zilizoikumba Bombay zilipopita, Sundaram alitunga Memorial mwaka 1993, kazi ya kujaza chumba, akianzia kwenye picha ya gazeti: mwanamume aliyeuawa, amelala barabarani. Aliirudia picha hiyo mara kwa mara, akiizungushia misumari, chuma na vioo, akamjengea marehemu huyo lango na kaburi. Gazeti la jana hutupwa. Sundaram alikataa mtu huyo atupwe nalo, akampa nafasi ambayo mji wake ulimnyima.