Bureti Hufunguliwa Mwisho: Kupanga Praktiko ya Kemia kwa Maji ya Nunge

Tuchukue swali nililolitunga kwa ajili ya uchambuzi huu. Panga jaribio la kupima kiasi cha kloridi katika maji ya bahari yanayoingia kwenye majaruba ya chumvi ya Nunge, Bagamoyo. Umepewa nitrati ya fedha ya molari 0.05, kiashirio cha kromati ya potasiamu na vyombo vya kawaida vya maabara. Mpe mtahiniwa swali hilo, na mara nyingi sentensi yake ya kwanza itakuwa: “Nitajaza bureti nitrati ya fedha…” Ameshaanza kupoteza alama, kwa sababu maamuzi yanayopimwa na swali la namna hii hutangulia bureti.

Watahiniwa wa pwani hii hukutana na praktiko za aina mbili. Katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) ya kidato cha nne na cha sita, mtahiniwa huingia maabara, huwekewa miyeyusho iliyoandaliwa na hufuata hatua zilizochapishwa kwenye karatasi. Kupanga kumeshafanywa na mtunga mtihani, na mwalimu ameshaandaa kemikali kulingana na maelekezo ya awali. Kwa wanaofanya Kemia ya Cambridge ya ngazi ya juu, Karatasi ya 5 ni ya kupanga, kuchambua na kutathmini. Ina alama 30 kwa saa 1 na dakika 15, na hakuna chombo kinachoguswa. Wengi huziona kama mitihani miwili isiyofanana. Mimi naona ni kazi moja iliyokatwa vipande viwili, na anayejua kupanga hufanya vizuri zaidi hata pale alipopangiwa, kwa kuwa anajua kila hatua imewekwa kwa sababu gani.

Turudi Nunge. Kazi ya kwanza ni kukadiria. Maji ya bahari ya kawaida yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, na kloridi yake ni karibu molari 0.55. Ukichukua cm³ 25 za maji hayo bila kuyazimua, utahitaji cm³ 275 za nitrati ya fedha. Bureti ina cm³ 50, kwa hiyo utaijaza mara sita kwa titresheni moja, na kila kujaza kunaongeza kosa la kusoma. Nitrati ya fedha nayo ni ghali. Ukizimua maji mara kumi, utatumia cm³ 27.5 hivi, ambazo bureti moja inazimudu na bado ni nyingi kiasi cha kufanya kosa la kusoma liwe dogo. Mstari mmoja wa hesabu umekuchagulia kiwango cha kuzimua, na mtahini ameona kuwa hukukibahatisha.

Hesabu hiyohiyo inaonya kuwa mpango mmoja hautoshi shamba zima. Jua linapokausha maji, chumvi hutoka kwa zamu: kwanza kaboneti ya kalisi, kisha jasi, ndipo chumvi ya kula, na mwisho chumvi chungu za magnesi. Mkemia Usiglio alieleza mpangilio huo mwaka 1849 kwa kukausha maji ya Mediterania. Jaruba la mwisho, chumvi inapokaribia kuganda, huwa na kloridi ya zaidi ya molari 5. Hapo zimua mara mia. Anayeandika “nitazimua sampuli” bila kutaja mara ngapi hajapanga kitu.

Kazi ya pili ni vyombo, na hapa alama hutoka kwa neno moja. “Pima cm³ 10 za maji ya bahari, ongeza maji hadi cm³ 100.” Kwa chombo gani? Silinda ya kupimia inayokosea kwa cm³ 0.5 inakupa kosa la asilimia 5 katika cm³ 10. Bureti, ukihesabu cm³ 0.05 kwa kila usomaji wa mwanzo na wa mwisho, inakosea kwa cm³ 0.10 katika 27.5, yaani chini ya asilimia 0.4. Ukitumia silinda kuzimua, umeharibu zaidi ya mara kumi ya kile ambacho bureti ingeharibu, na hakuna ustadi wa kufunga koki utakaokirudisha. Andika pipeti ya cm³ 10 na flaski ya ujazo ya cm³ 100, kisha sema utaijaza hadi alama, utaiziba na kuipindua mara kadhaa. Maji ya kuzimulia yawe yaliyotoneshwa. Maji ya bomba yana kloridi yake, na ya visima vya pwani mara nyingi huwa na chumvichumvi.

Kusuuza nako ni mpango. Pipeti ya titresheni suuza kwa sampuli iliyozimuliwa, na bureti kwa nitrati ya fedha. Chupa ya koni suuza kwa maji yaliyotoneshwa tu. Ukiisuuza kwa sampuli, matone yanayobaki yanaongeza kloridi ambayo pipeti haikuipima.

Kazi ya tatu ni kueleza kiashirio. Mbinu hii ni ya Mjerumani Karl Friedrich Mohr, aliyeitoa mwaka 1856. Nitrati ya fedha inapodondoka, kloridi hushika fedha na kufanya mashapo meupe. Kromati husubiri, kwa kuwa katika hali hii kloridi ya fedha huanza kutuama kwenye kiasi kidogo zaidi cha ayoni za fedha. Kloridi ikikaribia kwisha, tone linalofuata huleta wekundu wa matofali usiopotea ukitikisa chupa. Myeyusho usiwe na asidi nyingi wala besi nyingi: asidi hugeuza kromati kuwa dikromati, na besi kali hutoa oksidi ya fedha. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8, kwa hiyo yanafaa yalivyo. Taja hilo, kwani linaonyesha umeifikiria sampuli yako.

Usalama nao usiandikwe kwa mazoea. “Vaa koti na miwani” yanaingia kwenye jaribio lolote. Hapa sema kwamba nitrati ya fedha hutia ngozi doa jeusi na huharibiwa na mwanga, hivyo huvaliwa glavu na huhifadhiwa kwenye chupa ya kahawia. Kromati ni sumu inayoweza kuleta saratani, basi mabaki yake yanakusanywa kwenye chombo na hayamwagwi kwenye sinki.

Kisha sampuli yenyewe. Mito ya Ruvu na Wami inamwaga maji baridi kwenye ufuo huu, na wakati wa masika bahari iliyo karibu na midomo yake hupungua chumvi. Maji ya bamvua hayalazimiki kufanana na ya maji mafu. Kwa hiyo mpango useme sampuli itachukuliwa wapi, lini, maji yakijaa au yakitoka, na chupa ngapi kwa kila mahali. Bila hayo jibu lako ni la chupa moja tu, na huwezi kuliita la maji ya Nunge.

Sasa uchambuzi. Chukulia usomaji wa awali ulitoa cm³ 28.10, na miwili iliyofuata 27.40 na 27.45. Wa awali hauingii kwenye wastani, na hiyo miwili inapishana kwa chini ya 0.10, kwa hiyo wastani ni 27.43. Fedha iliyotumika ni moli 0.00137, nayo ni sawa na kloridi iliyokuwa kwenye cm³ 25. Sampuli iliyozimuliwa ina molari 0.0549, na maji ya bahari yenyewe 0.549. Zidisha kwa 35.5 upate gramu 19.5 za kloridi kwa lita.

Hapa kuna mtego. Swali likiendelea, “kokotoa kiasi cha chumvi ya kula,” wengi huzidisha 0.549 kwa 58.5 na kupata gramu 32. Hesabu ni sahihi, lakini hitimisho si sahihi. Fedha haiulizi kloridi imekuja na nani, na katika bahari sehemu ya kloridi imesimama na magnesi, kalisi na potasiamu. Sodiamu ya maji ya bahari ya kawaida ni karibu molari 0.48, kwa hiyo chumvi ya kula haiwezi kuzidi gramu 28 hivi. Bromidi kidogo iliyomo pia huhesabiwa kama kloridi. Mtahiniwa anayeandika “hii ni kloridi yote, iliyoelezwa kana kwamba yote ni ya sodiamu” ametathmini. Anayeandika “makosa ya kibinadamu” hajasema kitu.

Mpango wa pili unaofaa kujaribiwa unatoka kwenye kazi ya wavuna chumvi: uhusiano wa uzito wa maji kwa kila lita na kloridi iliyomo. Haidromita, kifaa kinachoelea ambacho huzama zaidi maji yanapokuwa mepesi, inatosha kwa upande mmoja, na titresheni kwa upande wa pili. Kigeu huru ni jaruba unalolichagua, na joto lazima lipimwe kwa sababu hubadilisha uzito huo. Chora grafu, pitisha mstari katikati ya nukta, na zungushia nukta iliyokaa pembeni. Usiifute. Eleza: huenda mvua ilinyesha, maji matamu yakaelea juu ya maji ya chumvi, na chupa ikajazwa kutoka juu. Suluhisho ni kukoroga jaruba dogo, au kuchukua sampuli kwenye kina kimoja kila mara.

Maandalizi ya wiki za mwisho, basi, yasiwe kubashiri chumvi gani itatoka kwa kuangalia orodha ya kemikali. Chukua swali moja la zamani la titresheni, funika hatua zilizochapishwa, bakiza lengo na kemikali tu, kisha andika hatua zako: makadirio, kuzimua, vyombo, kusuuza, hatari, jedwali lenye vizio. Ndipo ufunue ulinganishe. Kila mlipotofautiana na mtunga mtihani, tafuta sababu yake au yako. Shule yenye bureti tatu kwa darasa la wanafunzi sitini haiwezi kuwapa wote mkono wa titresheni kila wiki. Lakini kupanga kunahitaji karatasi na mwalimu atakayeuliza “kwa nini mara kumi?”, na hilo kila shule kutoka Kaole hadi Saadani inaweza kulianza wiki hii.