Kitanzi cha Mkoloni na Jibu la Umma

Katika darasa letu la siasa hapa Rusimbi, Kigoma, tumeujadili mchezo wa Kinjeketile wa Ndugu Ebrahim Hussein, uliotolewa mwaka 1969. Shujaa, akiwa kifungoni baada ya wapiganaji kushindwa, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Hilo ni fundisho kubwa. Lakini Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Ngwale huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kitanzi kilikusudiwa kuutisha umma. Umma ukajibu kwa kuvieneza vita hadi Mahenge na Ungoni. Mwandishi ana haki ya kubuni, ila mpangilio wake umelifunika jibu hilo. Makada tuufundishe mchezo pamoja na tarehe hiyo: mkoloni alihukumu, umma ukaikataa hukumu.