Kichwa duara, nywele mraba

Kwenye jalada la Nightclubbing, albamu ya mwimbaji wa kike Grace Jones ya mwaka 1981, jicho huanzia kwenye sigara isiyowashwa mdomoni, likashuka hadi kwenye koti la kiume lisilo na shati ndani, kisha likapanda utosini na kukwama huko. Nywele zimekatwa bapa kama meza. Kona mbili zimechongoka, na chini yake panja zimenyolewa hadi karibu na ngozi.

Wengi huuita mkato wa kiume, wakamaliza. Kinyozi hana raha hiyo. Fuvu la mtu ni duara, naye ametakiwa kutoa mraba.

Siri ni kwamba nywele zile hazilingani hata kidogo. Katikati ya utosi, palipoinuka zaidi, huachwa fupi mno, pengine ngozi ikachungulia. Kadiri fuvu linavyoteremka kuelekea pembeni ndivyo nywele zinavyoachwa ndefu, na ndefu kuliko zote ni zile za kwenye kona. Ubavuni ni hivyo hivyo: juu ya sikio ni karibu kipara, na kichwa kikianza kujikunja kwenda ndani, nywele huongezeka ili kuziba pengo na kuusimamisha ukuta. Ndiyo maana kile kitana kinachobandikwa kwenye mashine hakifai kitu hapa. Kitana hufuata fuvu, na fuvu ndilo tunalotaka kulificha. Sehemu ya juu hukatwa kwa mkono mtupu, kinyozi ameinama macho yakiwa sawa na utosi, mteja amekaa kuelekea mwanga ili kila unywele uliozidi ujitokeze.

Kabla ya hapo kuna kazi ambayo wavivu huiruka. Nywele za kipilipili zikilowa hunywea, tena hazinywei sawasawa. Za kisogoni zinaweza kujikunja kuliko za mbele. Ukizikata mbichi utapata meza yenye mabonde. Basi zioshwe, zikaushwe kabisa kwa draya huku zikivutwa juu kwa chanuo, ndipo mashine iguse.

Na kinachozisimamisha ni kipilipili chenyewe. Kila msokoto umeegemea mwenzake, kama nyasi za paa zilizobanwa vizuri. Nywele zilizotiwa dawa hulala tu, hata umwage jeli chupa nzima. Hapo ndipo ninapoupendea mkato huu: ukaidi ambao wanawake weusi waliuziwa madawa kuuvunja ndio nguzo ya jengo lote.

Tahadhari moja kwa msichana anayekwenda saluni na picha ile kwenye simu. Jean-Paul Goude, aliyeitengeneza, hakuishia kwenye kupiga picha. Aliipaka rangi, ngozi ikawa nyeusi ya kibluu na kingo zikanyooka kuliko mashine yoyote inavyoweza. Mabega mapana ya koti la Armani nayo yanarudia kona za nywele, kwa hiyo mraba unauona mara mbili. Ukivaa fulana iliyolegea, nusu ya kazi hiyo imepotea.

Wala kichwa kifupi si kigeni kwa wasichana wa kwetu. Wangapi wamemaliza shule wakinyolewa kila muhula! Kiswahili kina hata neno la zamani, denge, kwa nywele zilizoachwa utosini pembeni pakanyolewa. Tofauti ni kwamba kile cha shule hakihitaji matunzo, na hiki kinakula nauli. Nywele huota takriban sentimeta moja kwa mwezi, na huota kufuata fuvu, yaani kila siku zinajaribu kurudi kwenye duara. Baada ya wiki mbili kona zimelegea, na ya tatu ni kichaka. Lakini msichana akichoka na mkato huu hana haja ya kungoja ziote upya: kinyozi humega zile kona mbili, akazungusha kingo, naye akaondoka na afro fupi siku hiyo hiyo.