Akili Unde na Sikio la Gusii

Chombo ambacho wengine hukiita akili bandia, wengine akili unde au akili mnemba, kimeenea haraka tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, na sasa kimo mikononi mwa waandishi wa habari na wanachuo wa ualimu. Lawama zinazosikika ni udanganyifu na habari za uongo. Lawama hizo ni za haki, ila mhakiki wa lugha ana swali lake: chombo hiki kimesikia nini?

Tuchukue andalio la somo la Gredi ya 2 ambalo mwanachuo mmoja wa Nyamira alinionyesha. Kiswahili chake ni sanifu, upatanisho hauna kasoro. Lakini mifano yake ni jahazi na mnazi. Mtoto anayeamkia majani chai na migomba hayumo. Ekegusii nacho hakikutajwa, ingawa Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya mazingira ya shule itumike katika madarasa ya mwanzo. Mwanachuo alipodai neno la Ekegusii la kitabu, alipewa ekitabo, ambalo ni la Waganda! Mgusii husema egetabu, ilhali lugha yake huiita Ekegusii: kiambishi ni kile kile, ila k hugeuka g silabi inayofuata ikianza kwa t. Hiyo ni Sheria ya Dahl, na mtoto huifuata kabla hajajua kusoma.

Kwa mwandishi wa habari tatizo limejificha zaidi. Ekegusii kina irabu saba zinazoandikwa kwa herufi tano, na toni haiandikwi kwa kawaida. Hivyo hata maandishi machache yaliyopo humtegemea msomaji aliyekwisha kuisikia lugha. Matumizi yake mapana yako hewani, katika Egesa FM na vituo vingine, kuliko magazetini. Ripota akimhoji mchonga mawe wa Tabaka kwa Ekegusii, kisha akaiachia mashine habari yake, mchongaji hutokea ‘akisisitiza umuhimu wa’ jambo fulani. Sijamsikia mchongaji anayesema hivyo.

Sisemi chombo kitupwe. Kwa ratiba na majedwali kinafaa. Ila vyuo kama Borabu na Kenyenya vingeweza kumtaka mwanachuo arekodi dakika kumi za mazungumzo ya mzee, ayaandike kwa mkono, kisha ayalinganishe na maandishi ya mashine. Alama zitolewe kwa tofauti atakazozieleza.