Gogu Amefika Namtumbo

Mtumishi alitundika ramani ya dunia kati ya nguzo mbili za mianzi, akamwomba kijana wa jenereta asogeze taa. Ilikuwa ramani iliyochapwa kwenye turubai, kama mabango ya wagombea. Urusi ilikuwa nyekundu. Kutoka Urusi mshale mnene ulishuka hadi Israeli. Mshale wa pili, mwembamba, ulioongezwa kwa kalamu ya wino mzito, ulitoka hukohuko, ukaikata Afrika na kuishia kusini mwa Tanzania. Pale ulipoishia palikuwa pameandikwa kwa mkono: NAMTUMBO.

Tulipiga makofi. Nami nilipiga. Ukiwa umezoea kuwaeleza wenzako chuoni kwamba Namtumbo iko mbele ya Songea, kama unaelekea Tunduru, halafu ukaliona jina la kwenu kwenye ramani ya dunia, tena ndani ya mpango wa Mungu, mikono inajipiga yenyewe.

Baba mdogo hakupiga. Alikuwa amekaa kando yangu na Biblia yake ya Union, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia, na katikati ya kurasa alikuwa amechomeka daftari dogo la hesabu za tumbaku. Nililijua daftari hilo. Jioni iliyotangulia alinionyesha ukurasa wa mwisho, alikoandika maswali matatu ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji siku ya Jumatano. Maji ya visima yatapimwa na nani, na mara ngapi kwa mwaka? Vijana wa hapa watafundishwa kazi gani zaidi ya ulinzi? Fedha zitakazoingia halmashauri zitasomwa wapi ili watu wazisikie? "Nisomee uone kama Kiswahili kimenyooka," aliniambia. Kilikuwa kimenyooka.

Jumatano mwenyekiti aliuliza mara mbili kama kuna mwenye swali. Baba mdogo alikaa kimya, daftari likiwa mfukoni. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mwanangu, kama yameandikwa, mimi ni nani niyaulize?"

Sikuwa na jibu siku ile. Haya ninayoandika ndiyo jibu lenyewe, limechelewa, na nitalitoa kwa kuyasoma mahubiri yale kama ninavyosoma kitabu chochote.

Tuanze kwa kumtendea haki mtumishi. Alijua kusimulia. Alichukua mambo ambayo kila aliyekuwa pale anayajua, akayaunganisha. Mradi wa urani wa Mto Mkuju uko wilayani kwetu. Leseni kubwa ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2013 kwa kampuni ya Mantra Tanzania, ambayo nyuma yake wapo Uranium One na Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la mgodi libaki nje, eneo lisilofika asilimia 1 ya pori zima. Kikao hicho kilifanyika Saint Petersburg, Urusi. Mtumishi alilitamka jina la jiji silabi kwa silabi, na watu wakaguna. Hapo ndipo alipofungua Ezekieli 38, akasoma habari za Gogu wa nchi ya Magogu, mkuu wa Rosh, Mesheki na Tubali, atakayetoka pande za mwisho za kaskazini na jeshi lisilohesabika. "Rosh," alisema. "Rusi. U-rusi. Mnataka niwatafsirie zaidi?"

Hatukutaka. Lakini tafsiri ndiyo penye shida, maana hoja nzima inaning'inia kwenye neno hilo moja.

Biblia ya baba mdogo inaliweka Rosh kama jina la mahali. Mimi nina Habari Njema, na ndani yake Rosh haipo kabisa. Gogu ni mtawala mkuu wa Mesheki na Tubali, basi. Si kwamba mmoja amedanganya. Kwa Kiebrania rosh ni kichwa, na kwa hiyo pia mkuu, ndiyo maana mwaka mpya wa Wayahudi huitwa kichwa cha mwaka. Watafsiri wa kale wa Kigiriki walilichukua neno hilo kama jina, wengine wakalichukua kama cheo, na mpaka leo wapo wataalamu upande huu na ule. Sisi Waswahili tunaye ndugu wa neno hilo, tuliyempata kwa Waarabu: rasi ni kichwa cha nchi kilichoingia baharini, na rasilimali ni kichwa cha mali. Kama sauti ya neno ingetosha kuwa ushahidi, ningeweza kusema Ezekieli alitabiri rasilimali za Namtumbo, na nisingehitaji kwenda mpaka Moscow. Jina la Urusi lenyewe linatokana na watu walioitwa Rus, wanaoanza kutajwa kwenye maandishi katika karne ya 9, zaidi ya miaka 1,300 baada ya Ezekieli. Ama Mesheki na Tubali, majirani zao Waashuri waliwaandika kwenye kumbukumbu zao: walikuwa watu wa nchi ambayo leo ni Uturuki.

Halafu kuna suala la uraia wa Gogu. Katika karne ya 4 Askofu Ambrose wa Milano alisema Gogu ni Wagothi, kwa sababu Wagothi ndio waliokuwa wakiivamia dola ya Roma wakati huo. Miaka ya 1500 Martin Luther alisema ni Waturuki, kwa sababu Waturuki walikuwa wamefika kwenye malango ya Vienna. Biblia ya maelezo ya Scofield, iliyotoka Marekani mwaka 1909, ikasema ni Urusi, na Hal Lindsey akalirudia hilo mwaka 1970 katika kitabu kilichouzwa kwa mamilioni wakati wa vita baridi. Jirani yetu Mwislamu, aliyeyasikia mahubiri kupitia spika akiwa barazani kwake, aliniambia kwao Juju na Majuju wamezibiwa nyuma ya ukuta wa Dhulkarnaini, na nao wameshapewa mataifa mengi, Wamongolia wakiwemo. "Kila zama na adui wake," alisema, akaendelea kukoroga chai. Kila msomaji humpa Gogu pasipoti ya taifa analoliogopa yeye. Mshale wa kalamu kwenye ramani ya mtumishi ulikuwa umechorwa kwa desturi hiyohiyo.

Sasa tuiache ramani, tusome sura zenyewe. Ezekieli alikuwa mateka, mmoja wa waliochukuliwa kutoka Yerusalemu kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Anawaandikia watu waliopoteza mji, hekalu na mfalme. Sura ya 37 ni ile ya mifupa mikavu inayorudiwa na uhai. Baada yake tu anakuja Gogu, na pamoja naye mataifa saba. Gogu anashindwa bila Israeli kurusha mshale, silaha zake zinatumika kama kuni kwa miaka saba, na kuzika wafu kunachukua miezi saba. Saba, saba, saba. Anayeandika hivi hatoi ratiba ya vita. Anawaambia watu waliovunjika kwamba hata nguvu kubwa kuliko zote wanazoweza kuziwaza haitakuwa na neno la mwisho juu yao. Na mtu wa Namtumbo anajua thamani ya kuni za miaka saba. Mtumishi alituambia pinde na mishale maana yake makombora. Lakini kombora halipiki ugali, na andiko linasema silaha ziliwashiwa moto majumbani. Ukizifanya makombora unaipoteza picha nzuri kuliko zote katika sura hizo, ya watu wasiohitaji tena kwenda porini kutafuta kuni kwa sababu vita imekwisha.

Najua swali linalofuata, kwa sababu baba mdogo aliniuliza. Je, basi unabii haututhusu? Ulikuwa wa watu wa kale, ukaisha nao?

Kabla ya kujibu nilifikiria Sudan Kusini, wenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Wakristo wengi wa huko waliisoma Isaya 18 kama habari yao wenyewe: nchi iliyo ng'ambo ya mito ya Kushi, iliyogawanywa na mito, yenye watu warefu wenye ngozi nyororo. Katika miaka mirefu ya vita andiko hilo liliwashika mkono, na sina haki ya kulidharau nikiwa nimekaa mahali penye amani. Januari 2011 walipiga kura, asilimia 98.83 wakachagua kujitenga, na tarehe 9 Julai bendera ikapandishwa. Kwa wengi hiyo ilikuwa siku ya andiko kutimia. Desemba 2013 vita vilianza upya, safari hii kati yao wenyewe.

Isaya mwenyewe alikuwa akizungumza na mabalozi. Kushi ya wakati wake ilikuwa dola yenye nguvu kwenye Nile, wafalme wake wakitawala hata Misri, na wajumbe wake walikuwa wakipita huku na huku kwa mashua za mafunjo. Mwelekeo wa Isaya katika mambo hayo unajulikana: aliwaonya watu wa Yuda wasiweke tumaini lao katika Misri na Kushi, mpaka akatembea uchi na bila viatu kwa miaka mitatu ili wamwelewe. Kwa hiyo maneno yale hayakuwa cheti cha kuzaliwa cha taifa fulani. Yalikuwa sehemu ya ugomvi wa nabii na viongozi wake mwenyewe kuhusu maamuzi yao. Yakisomwa kama cheti, ugomvi huo unafutika, na kiongozi anabaki na baraka bila maswali.

Hapo nikamkumbuka Amosi, na yeye ndiye ninayemchukua kama jibu. Kitabu chake kinaanza kama mahubiri ya ramani. Anaita Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu, na kila taifa linasomewa mashtaka yake. Nawaona wasikilizaji wake wa Israeli wakipiga makofi kama tulivyopiga sisi. Jirani mbaya anapotajwa jina raha haikosekani. Kisha anasema Yuda, na makofi yanapungua. Kisha anasema Israeli, na mashtaka yao ni marefu kuliko ya wote: maskini wameuzwa kwa bei ya viatu, wanyonge wamekanyagwa. Mzunguko wote ule ulikuwa mtego. Mshale wa Amosi unapita mataifa yote na kurudi kwa aliyekaa kwenye benchi.

Ndivyo unabii unavyoyahusu mataifa ya leo. Haututajii jina la adui. Unatuuliza mizani yetu, visima vyetu na hesabu zetu vikoje. Kwa kipimo hicho, mahubiri ya usiku ule yalishindwa mahali pamoja: mshale haukurudi. Ulitoka Urusi ukaja kwetu, lakini tulipoupokea tulikuwa watazamaji wa mchezo ulioandikwa zamani, na mtazamaji hana swali la kumuuliza mwenyekiti.

Huku Ungoni tunajua neno la nabii likisafiri linavyofanya. Mwaka 1905 maji ya Kinjeketile wa Ngarambe yaliletwa kwetu na Kinjala. Waliyoyapokea hawakuwa wajinga. Yaliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kusimama pamoja, na Mjerumani aliyekuwa mbele yao hakuwa wa kuwaziwa. Lakini tarehe 27 Februari 1906 zaidi ya wanaume 60 walinyongwa Songea, na kila mwaka tunawakumbuka. Ebrahim Hussein aliona kitu hapo katika tamthilia yake Kinjeketile ya 1969. Nabii wake amesema kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Watu wanasikia ushindi tu. Yeye mwenyewe ndiye anayeshtuka, akijiuliza kama hiyo si kubadilisha bwana, lakini neno limeshatoka mikononi mwake na hakuna anayetaka swali lake.

Nilimweleza baba mdogo mambo haya kidogo kidogo, tukichambua tumbaku. Kuhusu Gogu hakukubali. "Gogu yupo," alisema, "ila labda hana haraka." Kuhusu Amosi alinyamaza muda, halafu akauliza alikuwa na elimu gani. Nikamwambia alikuwa mchunga mifugo na mtunza mikuyu, na kuhani wa Betheli alimfukuza, akamwambia akatabiri kwao.

"Mikuyu tunayo," alisema.

Mkutano mwingine umepangwa baada ya mauzo. Ameniomba niyanakili yale maswali matatu kwenye karatasi safi, kwa herufi kubwa, maana macho yake jioni hayaoni vizuri.